Dubai – Guangzhou: kwenda masaa 7, kurudi masaa 8 na nusu. Kwani umbali si ule ule?

Mama Mtaa wa Kongo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Naomba kueleweshwa jambo moja, na naomba majibu ya kweli maana limeshanigharimu hela.

Mimi niko Kariakoo, nauza mabegi na viatu vya watoto. Mzigo nachukua Guangzhou, na huwa napitia Dubai kwa sababu pale Deira nina watu wangu wa vipodozi. Mwezi wa 11 mwaka jana nilitoka Dubai saa 4:50 asubuhi, nikafika Guangzhou saa 4 kamili usiku kwa saa za kule. China wako mbele ya Dubai kwa masaa 4, kwa hiyo safari ni masaa 7 na dakika 10. Nikajua basi, na kurudi ni hivyo hivyo.

Tiketi ya Dubai kuja Dar nikaiona kwa bei nzuri, nikaikata peke yake kabla hata ya kukata ya kutoka Guangzhou. Hesabu yangu ilikuwa hii: ndege ya Guangzhou inaondoka saa 6:15 usiku, weka masaa 7 na dakika 10, toa manne, nafika Dubai saa 9:25 usiku. Ya Dar inaondoka saa 12:40 asubuhi. Masaa matatu na robo yananitosha kabisa.

Nilifika saa 11:20 alfajiri. Nikapanga foleni ya uhamiaji, nikasubiri mabegi, nikakimbia kaunta na toroli, nikakuta wameshafunga. Hela ya tiketi ikaenda na maji, nikalala kwenye viti, nikakata nyingine kesho yake kwa bei ya dharura.

Sasa nasafiri tena mwezi ujao, Machi. Nimeingia mtandaoni kutafuta umbali, nimezidi kuchanganyikiwa: sehemu moja wanasema 5,830, nyingine 3,620, nyingine 3,150. Naomba kujua umbali wa kweli ni upi, kwa nini kurudi ni kurefu kuliko kwenda, na niache nafasi kiasi gani Dubai nisilale tena kwenye viti.

---

Kijana wa Eastleigh

Pole sana mama. Mimi nilivyoelezwa ni kwamba dunia inazunguka. Ukienda upande mmoja inakusaidia, ukirudi inakupinga. Ndiyo maana masaa hayafanani.

---

Mwalimu Tufe

Dada pole. Nafundisha jiografia sekondari, nianze na hayo ya umbali kwa sababu ni mepesi.

Namba zote tatu ulizoziona ni sahihi. Ni umbali mmoja kwa vipimo vitatu. Kutoka uwanja wa Dubai hadi uwanja wa Baiyun wa Guangzhou ni takriban kilomita 5,830. Ukiupima kwa maili za barabarani unapata kama 3,620. Marubani na mabaharia wanatumia maili za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo inakuwa kama 3,150. Watu wa mitandaoni wanaandika namba bila kusema kipimo. Na ukiona mahali pametofautiana kwa kilomita kumi au ishirini, huyo kapima kutoka katikati ya mji badala ya uwanja. Baiyun ya sasa, iliyofunguliwa 2004, iko karibu kilomita 28 kaskazini ya mji.

Hiyo 5,830 inapimwa kwenye mviringo wa dunia. Chukua tufe la darasani, weka uzi Dubai, uvute mpaka Guangzhou ukaze. Utaona uzi haufuati mstari wa kwenda mashariki moja kwa moja. Unapanda kidogo kaskazini, katikati ya safari unapita kusini mwa Nepal, halafu unashuka. Ndiyo tunaita njia ya duara kuu. Miji hii miwili iko karibu latitudo sawa, Dubai 25 Kaskazini na Guangzhou 23 na kitu. Ukilazimisha kufuata latitudo unaongeza kilomita kama 45 tu, kwa hiyo hapa kupinda hakuokoi sana. Kwa Tokyo na New York ungeona tofauti ya ajabu.

Kijana wa Eastleigh, hilo la dunia kuzunguka nalisikia kila mwaka darasani na ninaomba tulizike. Hewa inazunguka pamoja na dunia. Ingekuwa haizunguki, pale Ikweta tungepigwa na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa mchana na usiku. Na tazama alichoandika dada. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Kama ingekuwa inaiacha ndege nyuma, Guangzhou ingekuwa inamkimbia, safari ya kwenda ndiyo ingekuwa ndefu. Yeye kwenda kumekuwa kufupi. Kwa hiyo sababu ni nyingine, na anayeijua zaidi yangu naomba aje.

---

Kijana wa Eastleigh

Mwalimu nimeelewa. Sikuwahi kufikiria kwamba ingekuwa kinyume. Asante.

---

Mpanga Njia

Nimefika. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, sipo angani, nipo ofisini na kompyuta: njia ipi ipitwe, mafuta kiasi gani, uzito gani, upepo ukoje. Rubani anakuja anasaini, anaondoka. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa Ghuba.

Mama, kilichokuchelewesha ni upepo. Siyo huu unaopeperusha kanga kwenye kamba. Kule juu, mita 10,000 hadi 12,000, kuna mkondo wa upepo unaokwenda magharibi kwenda mashariki kama mto. Wakati wa baridi, kuanzia kama Novemba mwishoni mpaka Machi, mto huo unapita kusini ya milima ya Himalaya: unatokea pande za Uarabuni na Iran, unakata Pakistan na kaskazini mwa India, unaingia kusini mwa China. Yaani ni njia ile ile ya Dubai na Guangzhou. Katikati ya mto kasi inafika kilomita 200 kwa saa na kupita.

Ndege haijali ardhi, inajali hewa iliyomo. Kasi yake ndani ya hewa ni kama kilomita 900 kwa saa. Hewa yenyewe ikiwa inasogea mbele, inabebwa. Ikiwa inarudi nyuma, inarudishwa.

Tupige hesabu. Umbali wa mwalimu ni 5,830, lakini hakuna ndege inayopita kwenye uzi wa tufe. Kuna kuondoka kwa kuzunguka, kuna njia rasmi, kuna nchi zenye milango maalum ya kuingilia. Tuseme kilomita 6,000. Bila upepo wowote, 6,000 gawa kwa 900 ni masaa 6 na dakika 40. Sasa weka upepo wa wastani wa kilomita 80 kwa saa safari nzima. Kwenda, unagawa kwa 980: masaa 6 na dakika 7. Kurudi, unagawa kwa 820: masaa 7 na dakika 19. Upepo ule ule, njia ile ile, tofauti saa 1 na dakika 12. Tena angalia vizuri: kwenda umeokoa dakika 33, kurudi umepoteza 39. Kwa sababu ukipingwa na upepo unakaa ndani yake muda mrefu zaidi. Upepo haukulipi sawa na unachokuibia.

Halafu masaa ya kwenye tiketi si ya angani. Yanahesabiwa kuanzia ndege inapoachia geti mpaka inaposimama geti la pili. Kuna kuviringika mpaka njia ya kurukia, foleni ya kuruka, kuzungushwa hewani ikisubiri zamu ya kutua. Dubai alfajiri ndege zinaingia kama nyuki. Weka kama saa nzima juu ya hesabu zangu, unapata masaa 7 na dakika 7 kwenda, 8 na dakika 19 kurudi. Linganisha na tiketi zako uone.

---

Mama Mtaa wa Kongo

Mpanga Njia, nimepiga hesabu yako kwa mkono, imekuja. Tiketi ya kurudi iliandika kufika saa 10:55 alfajiri, yaani masaa 8 na dakika 40. Ndege ikachelewa kidogo kuondoka, ndiyo nikafika 11:20. Kwa hiyo wao walijua tangu mwanzo kwamba ni masaa 8 na dakika 40.

---

Mpanga Njia

Walijua. Ratiba ya baridi inaanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya kiangazi inaanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na kila msimu dakika zinapangwa upya kwa kuangalia upepo wa miaka iliyopita. Saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi iamini kuliko hesabu ya kichwani. Usikate tiketi ya pili kabla hujaiona saa hiyo kwa macho yako.

---

Nahodha wa Malindi

Assalam alaykum. Mimi mtu wa Unguja, ujana wangu nimeumaliza majahazini. Nimeisoma hadithi ya binti yangu huyu wa Kariakoo na imenigusa, kwa sababu kwetu baharini hili jambo mtoto wa miaka kumi analijua. Hukuuliza Maskati ni mbali gani. Uliuliza upepo ni upi. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, majahazi ya Waarabu yanashuka kuja kwetu, upepo wa tezi, unasukuma kwa nyuma, tanga limejaa. Kutaka kurudi juu na upepo huo huo ni kwenda omo, upepo unakupiga usoni, unajitesa bure. Unangoja kusi ivume, ndipo unapandisha. Bahari ni ile ile, haikuongezeka hata pima moja.

Sasa mwanangu Mpanga Njia nakuuliza. Huo mto wa juu nao una misimu kama pepo zetu, au unavuma namna moja mwaka mzima?

---

Mpanga Njia

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo wengi ofisini hawaliulizi.

Una misimu, tena umefungamana na pepo zenu. Kiangazi, nyanda za Tibet zinapata joto na mkondo unahama. Mwezi wa 6 hivi unaruka kwenda kaskazini ya Tibet, na kipindi hicho hicho ndipo mvua za masika ya India zinaingia. Upepo wa kusi mnaoutumia nyinyi kupandisha Uarabuni ni mkono wa mfumo huo huo mkubwa. Kwa hiyo Julai na Agosti njia ya Dubai na Guangzhou inabaki na upepo mdogo kule juu, na kwenda na kurudi vinakaribiana. Ikifika Oktoba mkondo unaanza kushuka tena. Mama alirudi Novemba, ndio kwanza unapata nguvu. Machi bado upo.

---

Nahodha wa Malindi

Marahaba. Basi ni mambo yale yale. Ahsante mwanangu, umenifurahisha.

---

Mwalimu Tufe

Kwa kuwa mzee ametufungulia mlango, niongeze kidogo, kwa sababu historia ya upepo huu ni ya Asia yenyewe na watu wengi hawaijui.

Aliyeupima kwa utaratibu kabla ya wengine ni Mjapani, Wasaburo Oishi. Miaka ya 1920 alikuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno, karibu na mji wa Tsukuba, akiyafuata kwa darubini. Akaona juu ya Japani wakati wa baridi kuna upepo wa kutisha. Akachapisha matokeo mwaka 1926 kwa lugha ya Kiesperanto, ile lugha ya kutungwa, akitumaini dunia nzima itasoma. Dunia haikusoma. Mwaka 1944 ndege za kivita za Marekani aina ya B-29 zilipopanda juu kwenda kupiga Japani, zikakutana na upepo huo na mabomu yakaenda kombo. Huwa nawasimulia wanafunzi hili kwa uchungu, kwa sababu elimu ilikuwepo, imeandikwa, na ikakaa rafuni karibu miaka ishirini.

Na sehemu ya njia ya dada, pale Assam ya India kwenda Kunming ya China, ina makaburi. Wajapani walipoikata barabara ya Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1942, Wachina walibaki bila njia ya kupata silaha na mafuta, ikabidi kila kitu kipite juu ya milima kwa ndege. Marubani waliuita mgongo ule Nundu. Kama kilomita 800 tu, lakini kwa ndege za wakati ule, na pepo hizo hizo, zilianguka ndege kwa mamia mpaka vita inaisha 1945. Leo unapita pale huku unakula wali wa ndege na hujui.

---

Msomi wa Guangzhou

Nipo Guangzhou mwaka wa nne sasa, nasoma, na wafanyabiashara wengi wa nyumbani huwa nawasaidia kutafsiri kwenye mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Ninataka kusema jambo ambalo limewaumiza watu wengi kuliko upepo.

Mama, ile ndege yako ya saa 6:15 usiku. Kwenye tiketi inaandikwa 00:15. Tuseme imeandikwa 00:15 tarehe 15. Sisi Waswahili tukisikia "usiku wa tarehe 15" tunaelewa jua litue tarehe 15, tule, tuoge, twende uwanjani. Ukifanya hivyo ndege yako iliondoka jana. 00:15 ya tarehe 15 ni usiku wa KUAMKIA tarehe 15. Unatakiwa uwe umetoka hotelini tarehe 14 jioni. Mwaka jana peke yake nimepokea simu tatu za watu wamesimama Baiyun na mabegi yao wanalia, na siku nimeipoteza nikiwasaidia kutafuta tiketi nyingine.

Na saa zetu. Ukimwambia mtu wa nyumbani akupokee, mwandikie "saa 8 mchana", usimwandikie 2, na ukisoma tiketi geuza pole pole. Kichwa kimechoka, umepita nchi tatu: Dar, Dubai saa moja mbele, China saa tano mbele. Mimi nawashauri waandike kwenye karatasi saa zote kwa saa za Dar kwanza, ndipo wajumlishe.

Jambo lingine la hapa. Aprili mpaka Septemba kusini huku kuna radi kubwa za mchana na jioni, na baadaye vimbunga. Mnaweza kupanda ndege, mlango ukafungwa, mkakaa chini saa nzima na zaidi.

---

Mpanga Njia

Msomi anasema kweli, na sababu si radi peke yake. Sehemu kubwa ya anga la China iko mikononi mwa jeshi, ndege za abiria zimepewa vichochoro. Kichochoro kikizibwa na wingu la radi hakuna pa kuchepukia, mnapangwa foleni chini. Hilo haliwezi kukadiriwa na yeyote mwezi mmoja kabla.

Tena wao wanapima urefu wa kwenda juu kwa mita, sisi wengine tunapima kwa futi. Ukiangalia ile ramani ya kwenye kiti, ukitoka Myanmar kuingia jimbo la Yunnan, China, utaona ndege inapanda kidogo au kushuka kidogo bila sababu. Inahama kutoka ngazi za futi kwenda ngazi za mita. Watu wanashtuka, hakuna tatizo.

---

Ya Lubumbashi

Mimi niko Lubumbashi, na mimi niliiona hii njia ikibadilika. Mwaka 2019, mwezi wa tatu, nilitoka Guangzhou kwenda Dubai. Niliizoea ramani ya kwenye kiti: unatoka India, unaona Karachi, halafu bahari, halafu Dubai. Safari ile Karachi hatukuikaribia. Tulishuka mpaka Mumbai, tukakata bahari, tukatokea Omani. Nikamuuliza mhudumu, akasema Pakistan wamefunga anga. Kwa nini wanafunga na sisi hatuna vita nao?

---

Mpanga Njia

Ndugu yangu, ni kweli. Pakistan ilifunga anga lake tarehe 27 Februari 2019 baada ya kushambuliana na India, na halikufunguliwa kabisa mpaka tarehe 16 Julai mwaka huo. Mei 2025 walipopigana tena, njia zikazibika tena siku kadhaa, na India na Pakistan zikabaki zimefungiana anga kwa mashirika yao hata baada ya risasi kunyamaza. Nyinyi abiria hamna vita na mtu, lakini kombora halichagui. Tunazunguka. Njia ya kusini kupitia Mumbai na Omani inaongeza kilomita, na kilomita ni mafuta na dakika.

Kaskazini ndiko hatuwezi kukimbilia. Watu huuliza mbona hatukati juu ya Tibet. Nyanda zile wastani wake ni zaidi ya mita 4,500. Ndege ikipoteza mgandamizo wa hewa ndani, rubani anatakiwa ashuke haraka mpaka mita 3,000 hivi ambako binadamu anapumua bila msaada. Barakoa zinazodondoka kichwani kwako zina oksijeni ya robo saa hivi. Juu ya Tibet ukishuka mita 3,000 umeingia ndani ya mwamba. Kwa hiyo tunakaa kusini ya milima, tunaitazama tu.

Na si kila siku njia fupi kwa kilomita ndiyo fupi kwa dakika. Kurudi magharibi wakati wa baridi kuna siku naipeleka ndege kusini kwa makusudi, naongeza kilomita 150, ili itoke kwenye mto. Inafika mapema kuliko ingepita kwenye uzi wa mwalimu.

---

Kijana wa Eastleigh

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka Guangzhou. Kupitia Dubai mtu anapoteza kilomita ngapi?

---

Mwalimu Tufe

Nimepima. Nairobi hadi Guangzhou moja kwa moja ni takriban 8,680. Kupitia Dubai ni 3,560 jumlisha 5,830, yaani 9,390. Unaongeza kama 700. Kwa Dar moja kwa moja ni kama 8,710, kupitia Dubai karibu 9,800. Unaongeza kama 1,100, sawa na kutoka Dar kwenda Mwanza kwa barabara.

---

Mama Mtaa wa Kongo

Nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Mimi moja kwa moja haitanifaa kwa sababu ya vipodozi vya Deira, lakini namba nimeziandika.

Sasa Mpanga Njia naomba unimalizie. Dubai niache masaa mangapi?

---

Mpanga Njia

Kwanza jitahidi tiketi zote mbili ziwe kitabu kimoja, yaani zikatwe pamoja kama safari moja, hata ikizidi hela kidogo. Zikiwa moja, begi linapitishwa mpaka Dar na ukichelewa kwa sababu ya ndege yao wanakutafutia nyingine. Zikiwa mbili tofauti, kwa sheria wewe ni abiria mpya: unatakiwa uingie nchini, uwe na viza, uchukue mabegi, uyapeleke kaunta upya, na kaunta inafunga saa nzima kabla. Uliyemlipa mwanzo hana deni na wewe.

Kama ni lazima ziwe mbili, kwa Machi ukitokea Guangzhou usiache chini ya masaa 5 kutoka saa ya kufika iliyoandikwa. Kwenda Guangzhou huna cha kuwahi, usihangaike. Na kwenda, kama ni ile ya asubuhi, omba kiti cha dirishani kushoto, mbele ya bawa au nyuma kabisa. Kama masaa matatu baada ya kuruka, mkiwa juu ya jimbo la Bihar, India, hali ikiwa safi utaiona Himalaya yote imejipanga. Siku nzuri hata Everest yenyewe, mita 8,849, inaonekana. Nimepanga njia hiyo mara nyingi sana, na nimeipita mwenyewe mara moja tu. Sijaisahau.

---

Mama Mtaa wa Kongo

Nimekata zote kwenye kitabu kimoja. Nafika Dubai saa 10:55 alfajiri, naondoka saa 4:20 asubuhi. Masaa 5 na dakika 25. Imezidi dola 60 na nimelipa kwa moyo mweupe. Nikirudi nitawaletea dakika halisi.

---

Mama Mtaa wa Kongo (wiki tano baadaye)

Nimerudi salama. Ahadi ni deni, dakika hizi hapa, nimezisoma kwenye saa yangu mwenyewe.

Kwenda, kutoka geti hadi geti masaa 6 na dakika 58. Angani, tangu magurudumu yaachie ardhi mpaka yaguse, masaa 6 na dakika 5. Kurudi, geti hadi geti masaa 8 na dakika 31, angani masaa 7 na dakika 34. Uwanjani nilifika tarehe 14 jioni, usiku wa kuamkia 15, kama Msomi alivyosema. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na kaka wa Kigoma tiketi yake ni ya 15 saa 00:50 na alifikiri amewahi siku nzima kuja kuuliza tu. Nikamwonyesha. Tumepanda usiku ule ule.

Milima nimeiona. Nilikaa kushoto, nikangoja yale masaa matatu, nikadhani ni mawingu yamesimama mbali. Mhudumu akaniambia mama si mawingu yale. Nilimwamsha dada aliyelala pembeni yangu, simjui hata jina, tukatazama pamoja mpaka yakaisha.

---

Nahodha wa Malindi

Alhamdulillahi. Karibu nyumbani binti yangu.

---

Mwalimu Tufe

Dada, dakika zako nimeziandika ubaoni leo, Kidato cha Pili. Nimewapa kilomita 6,000, masaa 6:05 na masaa 7:34, nikawaambia watafute kasi ya ndege na kasi ya upepo. Wengi wamekwama mwanzo kwa kuzichukua dakika kama desimali. Walioivuka hapo wamepata ndege kilomita 890 kwa saa, na upepo kilomita 97.